Nafasi ya Kukaa: Bakteria wa Maradhi na Ulinzi wa Utumbo

Tumezoea kusema kwamba mtu huumwa tumbo kwa sababu amemeza vijidudu. Hoja yangu ni kwamba kumeza ni mwanzo tu. Bakteria huleta maradhi anapopata nafasi ya kukaa, na mara nyingi sisi wenyewe humpa nafasi hiyo kwa kunywa antibiotiki zisizohitajika.

Bakteria wengi wa kipindupindu hufia kwenye asidi ya tumbo. Wanaonusurika huogelea hadi ukuta wa utumbo mwembamba, hujishikiza kwa nyuzi zao, kisha hutoa sumu inayozifanya seli zimwage chumvi na maji. Shigela, aletaye kuhara damu, huistahimili asidi hiyo. Bakteria kumi hadi mia moja hutosha kumuuguza mtu. Salmonela wa homa ya matumbo hupenya ukuta na kuingia damuni, na huweza kujificha miaka mingi katika kibofu cha nyongo cha mtu asiye na dalili yoyote. Lakini utumbo una wenyeji wake, matrilioni ya bakteria wasiodhuru, ambao hula chakula ambacho mvamizi angekula na kutengeneza asidi zinazomdhoofisha. Mwaka 1954, Marjorie Bohnhoff na wenzake huko Chicago walionyesha uzito wa ulinzi huo. Panya wa kawaida walihitaji salmonela wapatao 100,000 ili waambukizwe. Waliokwisha kupewa streptomaisini, ambayo ni antibiotiki, waliambukizwa na wasiofika kumi.

Atakayenipinga atasema: shida ya Mwala, hapa kwetu Machakos, ni maji. Watu huchota kwenye visima vya mchangani katika mito ya msimu, na Mto Athi hupokea taka za Nairobi kabla ya kufika huku. Tena si jambo jipya, kwani katika miaka ya 1970 mradi wa utafiti ulioitwa Mradi wa Machakos ulichunguza kuhara kwa watoto wa Matungulu na Mbiuni. Nakubali yote hayo, na sitaki mtu yeyote aitumie hoja yangu kuikwepesha serikali wajibu wake wa kuleta maji. Ila maji safi hupunguza idadi ya bakteria tunaowameza, na wenyeji wa utumbo huongeza idadi inayohitajika ili tuugue. Palipo na maji machafu, ndipo ulinzi wa pili unapohitajika zaidi.

Mwingine atasema antibiotiki huokoa maisha. Ni kweli: homa ya matumbo na kuhara damu huzihitaji. Lakini kuhara majimaji kwa mtoto kwa kawaida hutaka ORS (maji ya chumvi na sukari), zinki na kuendelea kunyonya. Kipimo cha Widal nacho, ambacho zahanati nyingi hukitegemea, huweza kuonyesha homa ya matumbo kwa mtu asiyeiugua. Kuotesha bakteria kutoka kwenye damu hutoa jibu la kuaminika zaidi. Kila dozi isiyo na sababu huwaua wenyeji na kuwabakiza bakteria sugu wasiouawa na dawa, na Samuel Kariuki na wenzake walionyesha, katika Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), kwamba salmonela sugu wamekwisha kuenea Kenya. Kwa hiyo tudai mambo mawili kwa pamoja: maji salama kijijini, na maabara ya kuotesha bakteria katika hospitali ya kaunti ndogo. Tukipata moja tu, tutakuwa tumefika nusu ya njia.