Siku Ngapi Zatosha Nairobi?



Nimeombwa niseme nanyi machache juu ya jambo linalowahusu watu wote wanaosafiri, nalo ni hili: mtu aendaye katika mji mkubwa, yafaa akae huko siku ngapi? Pengine mtu atacheka na kusema kwamba hilo si jambo la kuitishia baraza, kwa kuwa msafiri hukaa mpaka shughuli yake iishe, kisha hurudi. Lakini kila mmoja wetu anamjua jamaa aliyekwenda Nairobi kwa juma moja akakaa miezi mitatu. Tena anamjua mwingine aliyerudi upesi kabla shughuli haijatimia, ikambidi aazime nauli kwa mara ya pili. Wote wawili walipata hasara, na hasara hiyo haikuwapata wao peke yao, bali na watu wa nyumbani pia.

Yafaa tukumbuke kwamba zamani msafiri hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua siku zake. Huko pwani, katika Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, upepo ndio uliohesabu siku za mgeni. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, na kurudi kwa kusi baada ya hapo. Mfanyabiashara aliyechelewa kuuza bidhaa zake hata akakosa upepo hakuwa na la kufanya ila kungoja. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alipopita pwani yetu mwaka 1331, alilala Mombasa usiku mmoja tu, kisha akaendelea mpaka Kilwa, na kutoka Kilwa akapanda chombo kwenda Uarabuni. Hata yeye, mwenye hamu kubwa ya kuona nchi za watu, ilimlazimu kufuata majira ya bahari.

Huku kwetu bara, serikali ya kikoloni ndiyo iliyohesabu siku. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na watu wa kandokando ya ziwa wakaanza kwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kuchukua kipande, na mtu aliyeonekana mjini bila kazi wala kibali aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Sheria hizo zilikuwa za uonevu, nazo zimekwisha. Leo raia wa Kenya aweza kukaa Nairobi siku moja au miaka hamsini, na hapana askari atakayemwuliza kwa nini. Lakini kwa kuwa upepo hautuhesabii tena, wala askari hatuhesabii, kazi hiyo imebaki mikononi mwa msafiri mwenyewe, na yampasa aifanye kabla hajakanyaga mashua.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni kama shughuli hiyo ni ya Nairobi kweli. Wako watu wanaovuka nchi nzima kufuata kitu ambacho wangalikipata karibu. Kisumu umekuwa jiji tangu mwaka 2001. Huko kuna ofisi ya pasipoti, na kuna hospitali kubwa ya rufaa iitwayo kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Kadhalika, maombi mengi ya serikali siku hizi huanza kwa simu au kwa kompyuta, na mtu huitwa ofisini siku maalum tu. Basi uliza kwanza Mbita, uliza Homa Bay, kisha uliza Kisumu. Ukiambiwa kwamba shughuli yako haina budi kufanyika Nairobi, ndipo uanze kuhesabu siku.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mtu wa Sena, Wakula, Soklo au Ugina ana shughuli ya siku mbili katika ofisi za Nairobi. Aondoke kisiwani Jumapili asubuhi, ziwa likiwa bado limetulia, afike Mbita mchana, na jioni apande basi la usiku. Jumatatu alfajiri yuko Nairobi. Siku hiyo asiitegemee sana, kwa kuwa hajalala vizuri. Aoge, ale, apumzike, kisha aende kuitazama ofisi ilipo, ajue ghorofa na mlango, na aulize karatasi zinazotakiwa. Nairobi ni mji wa watu zaidi ya milioni nne kwa hesabu ya mwaka 2019, na mgeni aweza kupoteza asubuhi nzima akitafuta jengo moja. Jumanne na Jumatano ni za shughuli yenyewe. Alhamisi ni siku ya akiba. Usiku wa Alhamisi apande basi, na Ijumaa asubuhi ashuke Mbita wakati wa kupata mashua za kwenda kisiwani. Basi safari nzima ni siku sita, na katika hizo analala katika nyumba ya mwenyeji wake siku tatu tu.

Angalieni ile siku ya akiba. Watu wengi huiacha kwa kuona kwamba ni uharibifu wa fedha, nayo ndiyo inayookoa fedha. Mjini afisa huweza kuwa mkutanoni, au mitambo huweza kusimama, au karatasi moja huweza kuwa na kosa la herufi. Asiye na siku ya akiba hurudi mikono mitupu, na nauli ya kwenda na kurudi imekwisha potea. Lakini siku ya akiba ni moja, au zikizidi sana ni mbili. Akiba ya juma zima si akiba tena.

Tena tazameni kalenda. Ofisi za serikali hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Afikaye Ijumaa mchana atawalisha wenye hoteli Jumamosi na Jumapili bila faida yoyote. Sikukuu nazo zisisahauliwe. Mwezi wa Oktoba una mbili, tarehe 10 na tarehe 20, na Desemba ina sikukuu ya Jamhuri tarehe 12, kisha Krismasi, ambapo nauli hupanda na nafasi katika mabasi ni shida kupata.

Zaidi ya kalenda ya ukutani, sisi watu wa ziwa tuna kalenda nyingine, nayo ni mwezi wa mbinguni. Mnajua wenyewe kwamba omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Usiku wa giza samaki hukusanyika penye mwanga, bali mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, na mashua nyingi hupumzika. Mvuvi wa omena aondokaye wakati wa giza huacha nafasi yake katika mashua, na fedha zikigawanywa baada ya kutolewa gharama, yeye hana fungu. Mama anayeanika na kuuza omena hupata hasara iyo hiyo. Lakini akiondoka mwezi ukikaribia kuwa mpevu, siku zake sita za Nairobi zitakuwa siku ambazo angekaa pwani akishona nyavu. Basi mwenye shughuli isiyo ya haraka na atazame juu kabla ya kukata tikiti. Shughuli ni ile ile na nauli ni ile ile, lakini gharama kwa nyumba yake si moja.

Sasa niseme juu ya mwenyeji. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ilitoka mahali penye mashamba, ambapo mgeni aweza kweli kushika jembe na kumsaidia mwenyeji wake. Nairobi hakuna jembe la kumpa mgeni. Mpwa wako au shemeji yako aliyeko huko huenda anakaa katika chumba kimoja na mkewe na watoto, ananunua maji, ananunua makaa au gesi, analipa kodi kila mwisho wa mwezi, tena huondoka kwenda kazini kabla ya jua kuchomoza. Kwa heshima hawezi kukuuliza utaondoka lini. Basi usimngojee akuulize. Mwambie siku ile ile unapofika: "Shemeji, nitaondoka Alhamisi usiku." Neno hilo dogo humtuliza moyo, naye atakukaribisha kwa furaha zaidi. Mchukulie omena waliokauka vizuri, au samaki wa kukaushwa kwa moshi, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Na ukiona kwamba shughuli imezidi siku ulizotaja, sema naye waziwazi, na utoe fedha za chakula.

Wako wasafiri wa namna mbili ambao hesabu hii ya siku sita haiwatoshi. Wa kwanza ni mgonjwa aliyepewa barua ya kwenda hospitali kuu, kama ile ya Kenyatta. Huyu asijipangie siku mwenyewe, maana daktari ndiye atakayempangia, na kurudi nyumbani kabla ya matibabu kwisha kwa sababu ya kuhurumia fedha ni hatari kubwa. Lakini hata yeye ana la kuuliza. Kila aonwapo na aulize tarehe ya kuonwa tena, na kama matibabu ya kati yaweza kufanyika Homa Bay au Kisumu. Tarehe mbili zikiwa karibu, ni nafuu kungoja mjini. Zikiachana kwa mwezi mzima, mara nyingi ni nafuu kurudi nyumbani, akapata maziwa na samaki na kulala kitandani pake. Na anayemsindikiza ahesabiwe vilevile, kwa kuwa chakula cha watu wawili si chakula cha mtu mmoja.

Wa pili ni kijana aendaye kutafuta kazi. Huyu ndiye ninayemwogopea kuliko wote. Huondoka akisema, "Nitarudi nikipata." Maneno hayo hayana tarehe. Kazi isipopatikana mwezi wa kwanza, huona haya kurudi mikono mitupu, na mwezi wa pili hula ile nauli aliyoiweka. Mwezi wa tatu hana njia ya kurudi hata akitaka. Hapo ndipo vijana wengi hupotea, si kwa uovu wao, bali kwa kukosa nauli ya basi moja. Shauri langu ni kwamba atoke na tarehe, tuseme juma sita, na tarehe hiyo ijulikane kwa mama yake na baba yake. Tena nauli ya kurudi asiichukue mfukoni. Aiache nyumbani kwa mtu mwaminifu, na siku ikifika itumwe kwa simu. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, jambo hili limekuwa rahisi, wala hapana sababu ya kijana kuifunga nauli katika leso mjini, mahali penye wezi na penye njaa. Nanyi wazazi, kijana akirudi siku ile bila kazi, msimcheke. Amefanya kama alivyoahidi, naye aweza kujaribu tena mwaka ujao. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Pengine kijana ataniuliza kama nataka watu waende Nairobi wafungie macho mpaka ofisini na kurudi. Sivyo. Ile siku ya akiba, shughuli ikiisha mapema, na itumike kuuona mji. Sisi hupita mbele ya Rusinga kila tuendapo Mbita, na twajua kwamba Tom Mboya amezikwa huko. Huyo aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, katika barabara ambayo sasa inaitwa Moi Avenue, na sanamu yake ilisimamishwa karibu na mahali hapo mwaka 2011. Kuitazama si gharama. Vilevile kuna Makumbusho ya Taifa, ambako msafiri atajifunza habari za viumbe wa kale. Fuvu mashuhuri la kiumbe aliyeitwa Proconsul lilipatikana Rusinga na Mary Leakey mwaka 1948, na mabaki ya viumbe wa namna hiyo yamechimbuliwa hapa Mfangano pia. Yafaa mtu wa kisiwa hiki ajue kwamba mawe anayokanyaga yanasomwa na wataalamu wa dunia nzima. Nusu siku yatosha kwa hayo yote, na sweta ichukuliwe, maana Nairobi iko juu kuliko ziwa letu, na mwezi wa Julai baridi yake ni kali.

Basi, ndugu zangu, mtu akikuaga kwamba anakwenda Nairobi, usimwulize tu atakuletea nini. Mwulize ataondoka huko siku gani, na nauli ya kurudi iko kwa nani. Akiwa na majibu ya maswali hayo mawili, msindikize mpaka gatini kwa moyo mweupe. Asipokuwa nayo, mkalishe chini kwanza mhesabu pamoja, kwa kuwa mashua nyingine itaondoka kesho.