Kuunganisha na Kuachilia: Plagini za Mtandao wa Kontena na Vijana wa Eastlands



Mada ya leo ina jina zito, ila kitu chenyewe ni kidogo. Kontena ni programu iliyotengewa eneo lake ndani ya kompyuta, ikadhani iko peke yake. Keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, huipa faili zake, orodha yake ya kazi zinazoendelea, na mtandao wake. Lakini mtandao huo huanza ukiwa mtupu: hauna anwani wala njia ya kutokea. Lazima mtu aje aunganishe, na huyo mtu ndiye plagini.

Mwaka 2015 wahandisi wa kampuni ya CoreOS nchini Marekani walikuwa wakijenga rkt, chombo cha kuendeshea kontena. Waliandika mkataba mfupi wa namna chombo chochote kitakavyoiomba plagini yoyote kazi ya mtandao, wakauita CNI. Kampuni ya Docker ilikuwa na mpango wake tofauti, lakini Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena nyingi, ikaufuata ule wa CoreOS, na mwaka 2017 ukakabidhiwa wakfu wa Cloud Native Computing Foundation. Rkt yenyewe ilishaachwa. Mkataba unaishi, na nadhani uliishi kwa sababu haukudai mengi.

Wazee wa Dandora watanielewa haraka. Katikati ya miaka ya 1970, Baraza la Jiji la Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilipima viwanja kama 6,000 pale. Mwenye kiwanja alipewa choo, bafu na maji ya mfereji. Vyumba alijenga mwenyewe, kisha wengi wakapangisha. Baraza halikuuliza rangi ya ukuta. CNI nayo inasema tu mambo yaingieje na yatokeje. Ndani, jenga utakavyo.

Na kinachoingia ni kidogo kweli. Plagini ni faili moja inayotekelezwa, iliyowekwa kwa kawaida katika /opt/cni/bin. Haikai ikisubiri, huitwa, hufanya kazi, hufa. Agizo huja katika kigezo cha mazingira kiitwacho CNI_COMMAND: ADD ni kuunganisha, DEL ni kuachilia, CHECK ni kukagua, VERSION ni kutaja matoleo inayoyafahamu. Vigezo vingine hutaja kitambulisho cha kontena, eneo lake la mtandao, na jina la kiunganishi kitakachoundwa humo. Mipangilio huingia kwa JSON, na jibu hutoka kwa JSON. Nyingi zimeandikwa kwa lugha ya Go, lakini mkataba haujali. Hata skripti ya Bash inatosha.

Hapa ndipo ninapowatazama vijana. Ili kuandika ADD unahitaji laptopu yenye Linux, hata ya mitumba, na ruhusa ya msimamizi. Bando hulihitaji. Unaunda jozi ya veth, yaani waya wa kubuni wenye ncha mbili. Ncha moja unaisukuma ndani ya kontena, nyingine unaifunga kwenye daraja lililo katika mashine mwenyeji. Unatoa anwani, unaweka njia ya kutokea, basi. Ni saa chache za kazi, na msimbo wa plagini za kielelezo, kama bridge na host-local, uko wazi kwa yeyote kusoma.

Wengi huishia hapo na kusherehekea. Mimi nasema kazi bado haijaanza, kwa maana ugumu wote uko kwenye DEL.

Chukueni host-local, inayogawa anwani. Kila anwani iliyotolewa huandikwa kama faili ndogo kwenye diski, chini ya /var/lib/cni/networks. DEL ikiitwa, faili hufutwa na anwani hurudi sokoni. Sasa fikirieni mtaani kwetu: laptopu betri yake ilikufa zamani, inategemea soketi, na stima inapotea jioni. Mashine inazimika ghafla. Keneli ikifa, veth na daraja vimekwenda nayo. Faili za anwani hazikwenda. Mashine ikiwaka tena, kontena mpya zinapewa anwani nyingine, na zile za zamani zimeshikwa na wapangaji ambao hawapo tena.

Tupige hesabu. Mtandao wa /24 una anwani 254 zinazotumika. Lango likichukua moja, zinabaki 253. Ukiwasha kontena 20 kila siku, stima ikapotea kila jioni, na hakuna anayekumbuka kuita DEL baadaye, siku ya 13 kontena 13 zitapata anwani na 7 zitakataliwa. Msimbo wako haujabadilika hata herufi moja! Mhandisi wa kituo cha data kule Mombasa Road, mwenye jenereta na betri za akiba, anaweza kukaa muda mrefu bila kuliona kosa hili. Kijana wa Kayole, mtaani kwetu Eastlands, ataliona kabla mwezi haujaisha. Sisifu kukatika kwa stima. Nasema tu kwamba maabara yake ni kali kuliko ya wengi.

Dawa zipo. Moja ni kuweka daftari la anwani mahali panapofutika mashine ikizimwa, kama /run. Nyingine ilikuja na toleo la 1.1 la mkataba, mwaka 2024: agizo la GC, ambapo chombo huipa plagini orodha ya viunganisho vilivyo hai nayo ikasafisha vingine vyote. Miaka 9 kungoja agizo la usafi ni mingi mno, lakini ndivyo ilivyo; wajenzi hupenda kujenga.

Mkataba pia unataka DEL ifaulu hata kama vitu vingine vimeshatoweka, na inaweza kuitwa zaidi ya mara moja. Kigezo cha CNI_NETNS huenda kikaja kitupu kwa sababu eneo lenyewe halipo tena. Plagini inayolalamika hapo hukifanya chombo kinachoiita kirudie ombi lilelile bila mwisho.

Kwa hiyo wanafunzi wangu watasahihishwa hivi. Nitaita ADD, nitachomoa waya wa stima, nitawasha tena, kisha nitaita DEL mara mbili mfululizo kwa kontena isiyokuwapo. Nataka jibu la sifuri, yaani bila kosa, mara zote mbili, na saraka ya anwani iwe tupu. Baada ya hapo ndipo nitakapofungua msimbo wa ADD kuusoma.