Hata Moja Hapana: Kuacha Sigara Ghafla au Kidogo Kidogo, Arua na Koboko

Ndugu wahudumu wa afya wa vijiji, masheikh wetu na wachungaji wetu,

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wavutaji hutuuliza kabla hata hawajaketi: niache mara moja, au nipunguze kidogo kidogo? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja tu. Punguza, nilisema, wiki hii kumi, wiki ijayo nane. Lilikuwa jibu la upole, halikumtisha mtu, na sisi tumelelewa tukiambiwa polepole ndio mwendo. Leo nakuja kueleza kwa nini nimelibadili, na ni kwa nani bado nalitumia.

Kuna fundi mmoja wa pikipiki Koboko aliyenifungua macho. Alikuja kwangu na daftari la mwanawe wa shule, na kwenye ukurasa wa nyuma alikuwa amechora vijistari vya sigara za kila siku: 14, kisha 11, kisha 8, kisha 6. Nilimpongeza sana. Siku moja pancha ikanikamata karibu na kibanda chake, nikaketi kwenye benchi nikimngoja azibe tairi. Akawasha sigara, akavuta mara nne tano kwa nguvu hadi mashavu yakabonyea, akaizima kwenye ukingo wa debe na kuichomeka nyuma ya sikio. Nusu saa haijapita, akaiwasha tena, akaivuta hadi vidole vikataka kuungua. Ule moshi ambao zamani aliuacha upotee hewani huku mikono ikiwa kwenye injini, sasa hakuacha hata kidogo. Jioni, daftarini, hiyo ilikuwa sigara moja. Fundi hakuwa mwongo. Vijistari vilipungua kweli, lakini kifua chake hakikupata nafuu aliyodhani.

Ndivyo mwili unavyojitafutia haki yake. Umezoea kiasi fulani cha nikotini, na ukiunyima sigara utaidai kwenye zile zilizobaki: utavuta kwa kina zaidi, utashika moshi kifuani kwa muda mrefu zaidi. Na hata anayepunguza kwa kweli asijidanganye kuhusu moyo. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba mtu anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa sigara 20. Kutoka 20 hadi moja ni safari ndefu, lakini moyo unahesabu tofauti na daftari.

Tuangalie sasa jaribio linalotajwa zaidi katika mjadala huu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiongozwa na Nicola Lindson-Hawley, walitoa matokeo ya wavutaji 697. Kundi moja lilipunguza kwa wiki mbili hadi kufikia robo ya mazoea yao, ndipo likaacha. Kundi la pili lilivuta kama kawaida mpaka siku iliyopangwa, likaacha zote. Baada ya wiki nne, waliokuwa bado hawajavuta katika kundi la ghafla walikuwa 49 kwa kila mia. Katika kundi la kupunguza walikuwa 39. Baada ya miezi sita ilikuwa 22 dhidi ya 15 na nusu hivi. Ni haki niseme pia kwamba mwaka 2019 majaribio mengi yalipojumlishwa pamoja, tofauti kati ya njia hizi mbili haikuonekana wazi. Kwa hiyo asiwepo wa kutoka hapa akitangaza kwamba kupunguza ni bure.

Lakini ndugu zangu, someni jaribio lile kwa macho ya Arua. Makundi yote mawili yalikuwa na plasta za nikotini na muuguzi wa kuyafuatilia. Wale wa kupunguza walikuwa na ratiba, kiwango na tarehe ya mwisho. Huku kwetu, tunapomwambia mtu "punguza", tunampa nini? Neno tu. Na sigara yenyewe hainunui kwa pakiti ambayo angeweza kuihesabu asubuhi na jioni. Anainunua moja moja kwenye meza ya mchuuzi, pakiti imefunguliwa kando ya pipi na vocha za simu, kiberiti kipo hapo hapo. Mpaka wa Kongo uko karibu, na Koboko ina Sudan Kusini pia mlangoni, kwa hiyo sigara ya magendo haikosi na bei yake haimkomeshi mtu. Nyingine anapewa na rafiki kwenye pombe ya kwete. Yule bibi wa kijijini mwenye kiko na majani yake mwenyewe yaliyoanikwa darini, atahesabu nini? Kupunguza kunataka kipimo, na soko letu limeondoa kipimo.

Kuna jambo jingine ambalo naliona zito kuliko yote. Anayepunguza anafanya uamuzi kila saa. Hii niivute sasa au baada ya chakula? Jana nilivuta tano, leo nimepata habari mbaya, si nivute sita? Siku nzima yumo katika mabishano na nafsi yake, na nafsi ni mbishani hodari. Aliyesema hata moja hapana ameshaamua; kazi yake ni kuvumilia, hahitaji tena kujadiliana.

Na uvumilivu huo watu wetu wanao tayari. Waulizeni Wanubi wa Koboko na Arua, na Waaringa wa Yumbe. Mvutaji wa pakiti nzima anafunga Ramadhani, anakaa saa 13 na zaidi bila hata kugusa sigara, na hafi. Nikotini damuni hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo adhana ya Magharibi inamkuta karibu imekwisha. Anaweza, kwa sababu mlango umefungwa kabisa na kila mtu aliye karibu naye ameufunga wake. Kinachomwangusha ni usiku, anapokaa na kahawa na kulipa deni la mchana kutwa. Masheikh wangu, hapo ndipo nawaomba mtusaidie: usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, ndio wakati wa kuongea naye.

Ushauri wangu basi ni huu. Mtu akija, mpangieni siku ndani ya wiki mbili, aache zote. Mwambieni ukweli kuhusu kitakachompata: siku mbili tatu za kwanza ndizo kali, hasira, usingizi mbovu, njaa, baada ya hapo inalegea, ingawa wiki mbili hadi nne zinaweza kupita kabla hajatulia. Kila hamu inapopanda hudumu dakika chache tu, na dakika chache ni maji ya kunywa, ni kutembea hadi barabarani na kurudi. Wiki ile ya kwanza asiende kwenye kwete. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani limeweka plasta na chingamu za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu. Kabla ya siku yenyewe aulizie kwenye duka la dawa, asingoje mpaka mikono inatetemeka. Kwa mama mjamzito na kwa mgonjwa wa kifua kikuu, siku ni leo.

Akikataa ghafla? Msimfukuze. Hapo ndipo bado natumia kupunguza, kwa sharti la tarehe ya mwisho iliyoandikwa na mtu wa nyumbani anayeijua. Anunue pakiti nzima, aikabidhi kwa mkewe au dada yake, agawiwe asubuhi. Nusu iliyozimwa isirudi nyuma ya sikio. Na akianguka, arudi kwetu siku ile ile bila kuogopa kukemewa, kwa maana wengi wanaofaulu waliwahi kujaribu na kushindwa kabla.

Yule fundi nilimrudia kabla ya mfungo, nikamwomba radhi kwa daftari lile. Tukakubaliana siku: siku ya kwanza ya Ramadhani, mchana na usiku. Usiku wa tatu alipiga simu saa tano, sauti ikimkwaruza, akasema yuko nje ya nyumba na sigara moja mfukoni. Tuliongea kuhusu kabureta ya pikipiki yangu mpaka hamu ikapita. Sikukuu ya Idi nilimkuta kibandani, debe lile lile lipo, amelijaza maji ya kujaribia pancha.