Uvimbe Unaojilisha Wenyewe
Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Iyunga, Mbeya



Gugu shambani hula mbolea iliyowekewa mahindi. Saratani ya titi huzidi hapo, maana hujitengenezea mbolea yake yenyewe.

Mwili hutumia vichocheo vya ukuaji kuziamuru chembe hai zigawanyike, kama vile kidonda kinapopona; kazi ikiisha, amri hukoma. Katika miaka ya 1950 Rita Levi-Montalcini alipandikiza uvimbe wa panya katika viinitete vya kuku, akaona mishipa ya fahamu ikichipuka kupita kiasi. Uvimbe ulikuwa ukitoa kitu. Yeye na Stanley Cohen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kugundua vichocheo hivyo.

Chembe ya saratani ya titi huweza kutoa kichocheo na kukipokea yenyewe, hivyo amri haikomi. Uvimbe ukikua huhitaji damu. Hapo hutoa kichocheo kingine kinachoifanya mishipa ya damu ichipuke kuuelekea, mithili ya mtu achimbaye mfereji usiku kuyavuta maji ya kijiji shambani mwake. Chembe zikipenya mishipani na kufika mfupani, huuchochea mfupa umomonyoke. Nao ukimomonyoka huachia vichocheo vilivyohifadhiwa ndani yake, vikazilisha chembe zilezile. Huo ndio wizi mkubwa kuliko wote.

Yote hayo hufanyika kimya, kwani mwanzoni uvimbe wa titi mara nyingi hauumi. Kwa kuwa hauumi, mama husubiri mavuno, kisha husubiri malipo ya pili ya kahawa. Wanawake wengi wa Tanzania hufika hospitali ugonjwa umekwisha kukomaa.

Kipande cha uvimbe kikipimwa huonyesha unalishwa na nini. Ukitegemea homoni ya estrojeni, dawa ya tamoksifeni huziba mlango wake. Ukiwa na vipokezi vingi vya HER2, ipo trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, nayo ni ghali. Bila kipimo hicho, daktari huchagua dawa kwa kubahatisha.

Mgonjwa wa Mbeya apelekwaye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 800. Chama kinachomkopesha mwanachama mbolea kwa dhamana ya kahawa yake chaweza kumkopesha nauli kwa dhamana hiyohiyo, kabla ya malipo ya pili.