PIKAPU KUUKUU INAPOKOSA MOTO



Mwenye pikapu wa Makadara, mjini Mombasa, huondoka alfajiri kuvuka daraja la Nyali kwenda kupakia mboga katika soko la Kongowea. Injini yake ikianza kutetemeka na kukohoa, riziki ya siku imo hatarini. Tena akikimbilia kununua vipuri kabla ya kujua ugonjwa, hupoteza na fedha.

Injini ya petroli yenye silinda nne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huwaka mara 6,000 katika dakika hiyo. Kila mwako wataka mambo matatu: cheche yenye nguvu, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri, na silinda isiyovuja. Likikosekana moja, silinda hukosa moto.

Basi fundi mwenye busara hutafuta kwanza silinda iliyo mgonjwa. Injini ikizunguka polepole mahali penye hewa, huchomoa waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira, na ncha ya waya huigusisha na chuma cha injini. Asitumie mkono mtupu, maana umeme huo ni wa maelfu ya volti. Wala pasiwe na petroli inayovuja. Mlio ukibadilika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, hapo ndipo penye kasoro.

Kisha huzima injini na kuitazama plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Masizi makavu yaonyesha petroli imezidi. Weusi wenye mafuta waonyesha oili yapenya ndani ya silinda. Na ikilowa petroli, huenda cheche haifiki. Plagi hiyo na ibadilishane mahali na ya jirani. Kasoro ikihama pamoja nayo, dawa ni plagi mpya. Isipohama, na ijaribiwe waya, kisha upimwe mgandamizo wa silinda.

Kasoro ikiwa ya silinda zote, na zikaguliwe pointi, koili na kabureta. Na kwa kuwa Mombasa ni kisiwa, hewa ya chumvi isisahauliwe: hutia kutu katika viungo vya waya, na unyevu hujificha ndani ya kifuniko cha distributa. Mara nyingi kitambaa kikavu chatosha kuuondoa. Kifuniko kikiwa na ufa mweusi mwembamba kama unywele, hakina budi kubadilishwa.

Asiendelee mtu kuendesha gari kwa silinda tatu. Petroli isiyowaka huosha oili kwenye kuta za silinda, na injini huchakaa upesi. Haraka haraka haina baraka: plagi ni kitu cha bei ndogo, lakini hata hiyo ni ghali ikiwa iliyotupwa haikuwa na kosa.