Soko la miche la Septemba: tupatane kwanza, tupande baadaye

(Maneno yaliyosemwa mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, familia zinazowapokea na viongozi wa vijiji, teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini)



Mvua za Septemba ndizo zinafungua msimu A wa kilimo. Ndiyo maana tumewaita kwenye soko hili la mbegu na miche ya kwetu. Imetunzwa katika kitalu na wamama waliohama vita pamoja na wamama wenyeji, na bei ni moja kwa wote.

Mezani kuna mimea ya namna mbili. Tunaomba msiichanganye.

Ya kwanza ni mboga: lengalenga na isogi. Lengalenga inaanza kuliwa kisha wiki tatu ao nne. Mbegu yake ni ndogo sana. Ichanganyeni na mchanga mkavu ili isirundikane mahali pamoja. Acheni mashina machache yazae mbegu za msimu B, ule wa Februari. Asiye na shamba ajaze udongo katika gunia, aweke mawe madogo katikati ili maji yashuke mpaka chini, halafu apande juu na pembeni. Kwa mboga, hakuna atakayegombana nanyi.

Ya pili ni miti: musave, muko, mubirizi. Musave unatoa nguzo za nyumba, na ukikatwa unachipuka tena. Tangu mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023 yaliyoangamiza mamia ya watu Bushushu na Nyamukubi, hatuna haja ya kuwaeleza kwa nini mlima unahitaji mizizi.

Lakini mti si mboga. Huku kwetu, mwenye kupanda mti, mgomba ao kahawa anasema: hapa ni pangu. Desturi ya Bushi inatofautisha vizuri. Aliyepewa shamba kwa bwasa analilima kwa muda tu, na anapanda mazao ya msimu. Aliyelipa kalinzi anaweza kupanda miti na kurisisha watoto. Kwa hiyo mkimbizi anayepanda musave katika shamba la kuazima, hata kwa moyo mwema, anamtia mwenyeji wake hofu. Na mwenyeji mwenye hofu anamfukuza mgeni kabla ya mavuno. Hapo ugomvi wa watu wawili unakuwa ugomvi wa makabila mawili.

Tusitegemee sheria peke yake. Ile ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo ni mali ya Serikali. Haki za mashamba ya desturi iliziachia ordonansi ya Rais, nayo ikangojewa makumi ya miaka. Tunachoweza kufanya sisi wenyewe ni kupatana mbele ya watu.

Basi, kabla ya kununua mti, fanyeni karatasi ya mapatano. Iandikwe: shamba ni la nani, linaazimwa kwa misimu mingapi, nini kinaruhusiwa kupandwa, miti itakuwa ya nani siku mgeni atakaporudi kwao, na kwamba hakuna atakayeondolewa mazao yakiwa shambani. Bibi na bwana wa kila upande wawepo, pamoja na majirani wa mipaka. Chefu asome kwa sauti, kisha nakala tatu: moja kwa mwenyeji, moja kwa mgeni, moja kwa chefu.

Machefu wetu, tunawaomba msiitoze karatasi hiyo. Mkitaka mbuzi ao pombe, maskini ataacha kuja, na ugomvi utawafikia ninyi baadaye.

Ninyi mliohama, mashamba yenu kule mlikotoka bado ni yenu. Kupatana hapa hakufuti haki ya kule. Ninyi wenyeji, mti uliopandwa kwa mapatano unabaki mlimani kwenu, hata mgeni akirudi kwao.

Meza ya mboga iko wazi sasa. Kwa meza ya miti, njooni wawili wawili, mgeni na mwenyeji, na karatasi mkononi.