Mashine ya Nje: Kufunga Viyoyozi kwa Usalama Gitega na Muyinga

Mada kwa semina ya mafundi umeme na mafundi wa majokofu, Gitega



Mtu wa Bujumbura akisikia kichwa cha mada hii atauliza: Gitega, kiyoyozi cha nini? Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai watu wanajifunika blanketi mbili, na hata Septemba joto la mchana linavumilika. Swali lake ni la haki. Lakini tangu sheria ya Januari 2019 iifanye Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa, kazi zinazodai ubaridi zimepanda nasi mlimani: vyumba vya seva, maabara, stoo za dawa, benki, hoteli. Seva haijui kwamba nje kuna baridi. Inazalisha joto usiku na mchana. Mwenye hoteli naye anataka mashine ileile igeuzwe, itoe joto nje na kuliingiza chumbani kwa mgeni. Na kwa kuwa Burundi sasa ina fungu lake la umeme wa Maporomoko ya Rusumo, MW 80 tunazogawana na Rwanda na Tanzania, maombi hayatapungua.

Hoja yangu ni hii. Wengi wetu tulijifunzia kazi Bujumbura, kando ya ziwa, kwenye joto na majengo ya zege. Tukapanda na mazoea yaleyale. Kule adui wa mashine ya nje ni joto, na siku hizi mafuriko pia. Waliokuwa Gatumba mwaka 2020 wanakumbuka maji ya Rusizi yalivyoingia majumbani. Huku juu maadui ni wengine: ukuta laini, radi, na hewa nyepesi. Anayefunga mashine Gitega kama alivyofunga Bujumbura anaacha hatari nyuma yake, hata kama chumba kinapoa vizuri.

Ukuta

Nianze hapa kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Mashine ya nje ya BTU 9,000 au 12,000 ina uzito wa kilo 25 hadi 35. Ya BTU 24,000 inaweza kuzidi kilo 50. Na uzito huo hautulii. Kompresa na feni vinautikisa kila saa ya kazi. Nyumba nyingi za zamani, hapa mjini na Muyinga, zina kuta za rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo, au za matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa udongo, kisha zikapigwa plasta ya saruji. Ukigonga unasikia saruji. Ukitoboa, baada ya sentimita mbili drili inaanza kutoa vumbi jekundu. Hapo simama. Plagi ya plastiki kwenye ukuta huo itashika siku ya kufunga, mteja atalipa, na fundi ataondoka ameridhika. Mvua zikianza, maji yanaingia kupitia tundu lilelile, udongo unalainika, na braketi inaanza kuinama mbele. Chini yake mara nyingi ni njia ya kupita watoto.

Kwa nyumba ya aina hiyo jibu langu halibadiliki: weka mashine chini, juu ya slabu ndogo ya zege, imefungwa kwa bolti na kukalia mipira ya kupunguza mtikisiko. Slabu inyanyuke sentimita 15 au 20 kutoka ardhini, maana mvua ya huku inarusha tope, na maji ya mlimani hayaombi njia. Ikiwa hapana budi iwe ukutani, tafuta nguzo au mkanda wa zege. Ukikosa, pitisha bolti ndefu hadi upande wa ndani na ukaze kwa bamba la chuma, ili uzito ubebwe na ukuta mzima badala ya matundu manne.

Mambo mawili ya juu ya mashine husahaulika. La kwanza ni ukingo wa bati usio na mfereji: maji yote ya paa yanamwagika juu ya feni. La pili ni mvua ya mawe, ambayo Bujumbura si tatizo kubwa lakini huku inakunja mapezi ya alumini hadi hewa isipite. Kibati kidogo cha kukinga kinatosha, mradi kisikabe hewa: nyuma ya mashine bakiza sentimita 10 hadi 15, na mbele ya feni pabaki wazi, angalau sentimita 60, ikiwezekana mita moja.

Kuhusu ngazi nitasema kwa ufupi kwa sababu kila mtu anajua na hakuna anayefuata. Kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita moja kutoka ukutani. Mashine ipandishwe kwa kamba na kapi. Anayepanda nayo begani hana mkono wa kujishikia.

Umeme na radi

Eneo la Maziwa Makuu ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na radi duniani, na hapa Burundi kila msimu wa mvua tunazika watu kwa sababu yake. Mashine ya nje ni sanduku la chuma lililoko uani, limeunganishwa na chumba kwa mabomba ya shaba na kwa waya. Radi haina haja ya kuipiga yenyewe. Ikipiga nguzo ya umeme ya mtaa wa pili, mshtuko unasafiri kwenye waya hadi kwenye bodi ya inveta. Kwa hiyo kifaa cha kuzuia mawimbi ya umeme kwenye bodi kuu kihesabiwe ndani ya kazi, wala kisiachwe kama hiari ya mteja.

Lakini kifaa hicho bila waya wa ardhi ni pambo. Nasema hivi nikijua kwamba nyumba nyingi tunazoitwa zina soketi zenye tundu la ardhi lisilounganishwa na chochote. Pima. Kanuni za Ubelgiji hutaka ardhi ya nyumba isizidi ohmu 30. Za Ufaransa huvumilia hadi 100. Mimi nawashauri mlenge 30, na mpime Julai au Agosti, udongo ukiwa mkavu, maana kipimo cha Aprili kinadanganya. Na msipige fimbo ya peke yake kwa ajili ya kiyoyozi huku nyumba ikiwa na nyingine. Zote ziungane, ama sivyo radi ikipiga, tofauti ya volti kati ya fimbo hizo mbili itapita ndani ya mashine, au ndani ya mtu aliyeigusa.

Mengine ni ya kawaida. Kiyoyozi kiwe na njia yake kutoka bodi kuu: waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 16 kwa mashine ndogo, waya wa 4 kwa zile kubwa, au zaidi ikiwa umbali ni mrefu. Iwepo breka ya kugundua umeme unaovuja, ya miliampea 30. Swichi ya kukatia umeme iwe karibu na mashine ya nje na ionekane kutoka hapo, ili anayeitengeneza asiwashiwe na mtu aliyeko ndani. Na kwa kuwa umeme wa REGIDESO hukatika na kurudi ghafla, weka kidhibiti kinachosubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha tena. Kompresa inayolazimishwa kuanza huku gesi bado ina presha inavuta ampea nyingi mno, na waya mwembamba ndio unaowaka.

Hewa nyepesi

Hili halimo kwenye karatasi inayokuja ndani ya boksi. Katika mita 1,500, uzito wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Feni inasukuma ujazo uleule wa hewa, lakini hewa hiyo inabeba joto pungufu. Kwa chumba cha seva usinunue mashine kwa hesabu ya Dar es Salaam. Uliza jedwali la mwinuko la mtengenezaji.

Hatari iliyojificha iko kwenye geji. Vitabu vinasema vakyumu kamili ni inchi 30 chini ya sifuri. Hapa Gitega sindano haiwezi kuvuka 25 hivi, na Muyinga, ambako ni juu zaidi, itaishia kabla ya hapo. Fundi mmoja anaona 25 na kulaumu pampu iliyo nzima. Mwingine, na huyu ndiye mbaya zaidi, anazoea kuamini kwamba 22 inatosha. Maji yaliyobaki ndani yanageuka asidi na barafu, na asubuhi ya baridi hayachemki haraka chini ya pampu. Tumieni kipimo cha maikroni: shuka hadi 500, funga vali, subiri. Kikipanda, kuna maji au kuna tundu.

Gesi

Hatari ya mwisho haitokani na mwinuko; iko Bujumbura na huku pia. Gesi ya zamani, R-22, inaondoka: kwa nchi zetu mwisho wake chini ya Mkataba wa Montreal ni 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo. Na kwa makubaliano yaliyofikiwa kwa jirani zetu, Kigali, Oktoba 2016, gesi zilizochukua nafasi yake nazo zinapunguzwa. Kinachotuingilia sasa ni R-32, ambayo inaweza kuwaka, na R-290, ambayo ni propani. Kwa hiyo zile tabia za zamani, kufukuza hewa kwa kuachia gesi ya mashine, kutafuta tundu kwa kiberiti, kuweka mashine ya nje kando ya jiko la mkaa au juu ya shimo ambamo gesi nzito itatuama, zimegeuka hatari ya maisha.

Mitungi yetu mingi inatoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kobero, kwa hiyo mafundi wa Muyinga ndio wa kwanza kuiona. Iangalieni. Mwaka 2011 wafanyakazi watatu, Vietnam na Brazil, waliuawa na makontena ya baridi yaliyolipuka kwa sababu yalikuwa yamejazwa gesi bandia yenye kloridi ya methili, ambayo hula alumini na kuacha kitu kinachowaka kikigusa hewa. Bei ikiwa rahisi mno, mtungi huo usiufungue.

Kupima presha ni kwa naitrojeni tu. Asiye nayo hushawishika kuazima mtungi wa oksijeni kwa mchomeleaji. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Hatari ya namna hiyo ipo pia wakati wa kuhamisha mashine. Fundi anaiacha kompresa ikivuta gesi irudi nje, halafu kwa haraka analegeza bomba kabla ya kuzima. Kompresa inavuta hewa, hewa inachanganyika na mafuta, presha inapanda, na mchanganyiko unawaka kama ndani ya injini ya dizeli. Japani watu wameumia hivyo, na wakaguzi wa bidhaa wamelionya mara nyingi. Zima kwanza, funga vali zote mbili, ndipo ushike spana.

Ndugu zangu, naomba semina hii ipitishe azimio moja. Kila mashine ya nje itakayofungwa Gitega na Muyinga ibandikwe karatasi isiyoharibiwa na mvua, yenye jina la fundi, tarehe, aina na uzito wa gesi, kipimo cha ardhi kwa ohmu na kipimo cha vakyumu kwa maikroni. Fundi asiyeweza kuijaza hana vifaa vya kazi hii, na asiikubali mpaka avipate.